Mkanda Hufuata Kiti

Ndugu yangu mdogo ana kovu juu ya jicho la kushoto. Watu wakimwuliza, huwaambia alianguka alipokuwa mtoto. Si uongo, ila si hadithi yote. Alianguka kutoka mapajani mwa mamangu, ndani ya matatu, Desemba 2004, tulipokuwa tunakaribia Vipingo, mahali ambapo mashamba ya mkonge yanaanza kukufuata dirishani ukielekea Kilifi.

Mimi nilikuwa na miaka 10, nimekaa dirishani. Mamangu alikuwa katikati, amempakata mdogo wangu ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka. Pikapu iliyokuwa mbele yetu ilisimama ghafla. Dereva wetu akakanyaga breki, gari likapunguza mwendo, lakini halikuwahi kusimama. Tukaigonga kwa nyuma. Haikuwa ajali ya kutangazwa redioni. Hakuna aliyekufa, na baada ya saa moja hivi tulikuwa ndani ya matatu nyingine. Lakini katika ule mshtuko mtoto alichomoka mikononi, akagonga chuma cha kiti cha mbele, akaangukia miguuni pa abiria. Mamangu alijitupa mbele kumfuata, akashindwa kumfikia. Mkanda ulikuwa umemkamata kiunoni.

Alishonwa nyuzi 5, akapona. Mamangu ndiye hakupona sawasawa. Miaka mingi baadaye, mkanda ukitajwa, alikuwa anarudia sentensi moja: "Ulinishika mimi, ukamwachia mtoto."

Makala hii nimeiandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Nilianza kusoma historia ya mkanda wa gari nikitaka kumjibu mamangu. Nimefika mwisho nikagundua kwamba alikuwa amesema kweli tupu, tena kweli ambayo wataalamu na wabunge wa nchi nyingi walichukua miaka kuikubali.

Ule mwaka wa 2004, kwa sisi Wakenya, ulikuwa mwaka wa mikanda. Aliyekuwa na umri wa kukumbuka anajua ninachosema. Serikali mpya ilikuwa imeingia madarakani mwisho wa 2002, na Waziri wa Uchukuzi alikuwa John Michuki. Oktoba 2003 alichapisha kanuni ambazo hadi leo watu huziita kwa jina lake, ijapokuwa yeye alifariki Februari 2012. Kila gari la abiria liwekewe kidhibiti mwendo, lisizidi kilomita 80 kwa saa. Nissan ibebe abiria 14 basi. Mstari wa njano uzunguke gari. Dereva na makanga wavae sare. Na kila kiti kiwe na mkanda.

Kanuni zilianza kazi tarehe 1 Februari 2004. Siku za mwanzo magari mengi hayakuonekana barabarani, wenyewe hawakuwa wamekamilisha matengenezo au walikuwa wamegoma, na watu wakatia miguu njia. Halafu matatu zikarudi moja moja, na zilikuwa kama zimeoga. Hakuna kusimama, hakuna kubanwa wanne mahali pa watatu. Ukiketi, unaketi kama mtu.

Ila mikanda yenyewe, jamani! Ilikuwa na mafuta, vumbi na jasho la nusu ya mji. Mwenye nguo nyeupe aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya. Vifungo vingine havikufunga, kwa hivyo tulijifunza mchezo ambao kila abiria aliujua. Makanga alipiga kelele, "Mikanda, mikanda! Polisi mbele!" na gari zima likavuta mikanda na kuilaza mapajani. Tukishapita kizuizi, tunaiachia. Tulikuwa tunamfungia polisi.

Mamangu hakuwa wa mchezo huo. Yeye ni mtu wa kufuata sheria. Siku ile ya Vipingo alikuwa ameufunga mkanda tangu tulipotoka Mombasa, na akaukaza. Lakini angalia kanuni ilisema nini: kila kiti kiwe na mkanda. Sasa mtoto wa kupakatwa ana kiti gani? Sote tunajua desturi ya matatu. Mtoto wa kupakatwa halipi nauli. Asiyelipa hana kiti, na asiye na kiti hana mkanda. Ndugu yangu alikuwa abiria wa 15 katika gari la abiria 14, na hakuna aliyevunja sheria yoyote kwa kumhesabu kama mzigo wa mkononi.

Nilidhani haya ni mambo yetu ya Kenya. Kumbe mkanda ulikuwa hivyo tangu kuzaliwa kwake.

Ukitafuta mwanzo wake utafika mbali kuliko gari lenyewe. Mwaka 1885, huko New York, mtu anayeitwa Edward Claghorn alipewa hataza ya mkanda wa usalama. Ulikuwa mkanda wenye kulabu wa kumfunga mtu kwenye kitu kisichotikisika. Baadaye ndege zilipokuja, marubani wakafungwa mikanda wasije wakamwagika angani. Mkanda ulikuwa kifaa cha mtu mzima aliye kazini.

Gari la kawaida liliuchelewesha sana. Mtu aliyeushikia bango alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp. Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, Stapp alijifunga juu ya gari la reli lenye injini za roketi, likakimbia hadi kilomita 1,017 kwa saa, kisha likasimamishwa kwa muda wa kama sekunde moja na nusu. Mwili wake ulibeba zaidi ya mara 40 ya uzito wake. Macho yalivia damu, kwa muda hakuona, halafu akaona tena. Aliishi hadi 1999. Stapp alikuwa ameona kwamba jeshi lake lilikuwa linapoteza watu wengi zaidi kwenye magari barabarani kuliko kwenye ndege. Ikiwa mwili uliofungwa vizuri unaweza kuvumilia alichovumilia yeye, basi wanaokufa kwa kugonga mti wakienda sokoni wanakufa kwa sababu hawajafungwa. Akageuka mhubiri wa mikanda ya magari.

Miaka hiyo magari machache yalikuwa na mkanda wa kiunoni tu, kama ule wa mamangu. Huo unazuia mtu asirushwe nje, ila kifua na kichwa vinaachwa vijipige mbele, na ukikaa vibaya unakata tumbo. Aliyepata jibu ni mhandisi wa Uswidi, Nils Bohlin. Kabla ya kuingia Volvo mwaka 1958 alikuwa Saab, akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyoharibika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa mtu ndani ya chombo; ya pili ikawa kumzuia asitoke. Mwaka 1959 alileta mkanda tunaoujua leo: kipande kimoja kifuani, kingine nyongani, na vyote viwili vikutane chini pembeni mwa kiti, ufungike kwa mkono mmoja. Volvo walikuwa na hataza yake, wakaacha watengenezaji wengine wautumie. Nadhani ni mojawapo ya zawadi kubwa ambazo kiwanda kimewahi kuwapa washindani wake.

Sheria zikafuata, na ukizisoma kwa mpangilio utaona zinatembea kutoka kiti hadi kiti. Jimbo la Victoria, Australia, ndilo la kwanza duniani kulazimisha watu wafunge mkanda, mwisho wa 1970. Uingereza ililazimisha viti vya mbele kuanzia 31 Januari 1983. Watoto wa viti vya nyuma wakafikiwa 1989, watu wazima wa nyuma 1991. Dereva kwanza, jirani yake wa pili, wa nyuma baadaye. Mkanda unafuata kiti. Mtoto mchanga, ambaye hana kiti, yuko nje ya foleni.

Si kwamba hapakuwa na viti vya watoto. Miaka ya 1930 Marekani vilikuwa vinauzwa, ila kazi yake ilikuwa kumwinua mtoto aone nje na kumtuliza asisumbue dereva. Vilikuwa vya raha ya mzazi. Katika miaka ya 1960 ndipo Bertil Aldman, daktari wa Uswidi, alipowatazama wanaanga wa Marekani wanavyolazwa chali kwenye viti vyao ili msukumo wa roketi usambae mgongo mzima, akajiuliza kwa nini mtoto asikalishwe vivyo hivyo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na shingo bado ni laini kama bua. Akitazama mbele na gari likagonga, kichwa kinavuta shingo. Akitazama nyuma, kiti kinampokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu kiti cha mtoto mchanga kinageuzwa kuelekea nyuma, jambo ambalo jirani zangu bado wanaliona kama kosa la fundi.

Sasa nifike Tennessee, maana hapo ndipo nilipomkuta mamangu.

Tennessee ndilo jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuwafunga watoto garini. Ilipita 1977, ikaanza kazi Januari 1978. Aliyeipigania ni daktari wa watoto, Robert Sanders, aliyekuwa amechoka kuwaona wagonjwa wake wakiletwa wamevunjika. Lakini ili sheria ipite, wabunge waliichomekea kifungu: mtoto anaweza kubaki nje ya kiti chake akiwa amepakatwa na mtu mzima. Hebu isome tena. Sheria ya kumlinda mtoto ilimruhusu akae mahali pale pale alipokuwa anafia. Daktari Sanders alikipa kifungu hicho jina kali, akakiita kiponda watoto. Alikipinga hadi kikafutwa mwaka 1981. Kufikia 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Nilipolisoma jina hilo niliacha kusoma kwa siku kadhaa. Kwa nini kiponda? Kwa sababu mambo ni mawili. Mzazi akiwa hajafungwa, gari likigonga anarushwa mbele na mtoto yuko kati ya mwili wake na kiti kilicho mbele. Uzito wote wa mzazi unamwangukia mtoto. Mzazi akiwa amefungwa, mkanda unambakisha yeye na mtoto anachomoka. Na kama amemzungushia mtoto mkanda huo huo mmoja, wawe wawili ndani yake, basi mtoto ndiye mto wa kugandamizwa. Hakuna namna ya nne.

"Mikono yangu haikulegea," mamangu alikuwa akisema, kisha anaitazama. Kwa miaka yote hiyo alijiuliza kama angekaza zaidi ingekuwaje. Nikamfanyia hesabu. Tuseme matatu ilikuwa imeshapungua hadi kilomita 30 kwa saa, ikasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10, kwa kitambo hicho, anavuta kama mzigo wa kilo 85. Ni mtu mzima amening'inia mikononi mwako ghafla, bila kukuambia shika. Ikiwa ni kilomita 50 kwa saa, anavuta kama kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji. Hata mpakuzi wa bandarini hawezi. Haikuwa mikono yako, mama.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo ningelifanyaje?"

Na hapo sikuwa na jibu zuri. Kiti cha mtoto katika matatu ya 2004? Nani alikuwa nacho? Hata leo mwenye kusafiri na matatu ana nafasi finyu. Anaweza kumlipia mtoto aliyekua kidogo kiti chake mwenyewe na kumfunga mkanda wake mwenyewe, akipata uwezo. Anaweza kuchagua gari lenye mikanda inayofunga, na kumwambia dereva apunguze mwendo bila kuona haya. Zaidi ya hapo, ni neno la kupelekwa kwa wanaoandika kanuni: mtoto ni abiria. Muhesabuni.

Nafikiri pia lugha yetu imechangia, nasi wasomaji wa fasihi tuna haki ya kuitazama kwa jicho kali. Neno kupakata lina joto. Mtoto hupakatwa, bibi hupakata wajukuu, na hata kompyuta ndogo tumeiita kipakatalishi kwa kuiweka mahali palepale pa upendo. Mtoto aliyefungwa mbeleko mgongoni, aliyepakatwa mapajani, huyo kwetu yuko salama. Na kweli yuko salama, nyumbani, kwa miguu, kwa mwendo wa binadamu. Mwili wetu uliumbwa kuhimili mwendo wa miguu yetu. Gari limeleta mwendo mwingine, na maneno yetu ya usalama yamebaki barazani.

Nilipopata binti mwaka juzi, nilianza kutafuta kiti. Cha kwanza nilikiona Kongowea, kwenye mitumba, kisafi, bei nafuu. Nilikishika, nikakirudisha. Kiti kilichowahi kuwa katika ajali kinaweza kuwa na ufa ndani usioonekana, na huyu muuzaji hakujua kimetoka wapi. Tarehe yake ya mwisho wa matumizi, ambayo huandikwa kwenye plastiki upande wa chini au nyuma, ilikuwa imefutika. Nikajipinda nikanunua kipya, tukala maharage mwezi mzima.

Nikakifunga kiti cha nyuma cha gari letu kuukuu, kikitazama nyuma. Kamwe hakiwekwi mbele kikitazama nyuma mahali penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka unakipiga kiti kwa mgongo. Nikakitikisa kwa mkono pale mkanda unapopita. Kisisogee zaidi ya upana wa kidole gumba. Mikanda ya kiti chenyewe inapita mabegani mwa mtoto, na ukijaribu kuufinya ukanda begani usipate mkunjo. Atabaki akitazama nyuma kwa muda wote ambao kiti kinaruhusu kwa urefu na uzito wake. Kisha atatazama mbele, kisha atapata kiti cha kumwinua mpaka mkanda wa wakubwa umkae: ule wa chini kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na ule wa juu katikati ya bega na kifua, si shingoni wala chini ya kwapa. Na mama mjamzito hufunga vivyo hivyo, ule wa chini ukipita chini ya tumbo.

Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliye ndani ya gari hadi nusu, na vizuizi vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Nilimsomea mamangu takwimu hizo. Hazikumgusa. Kilichomsumbua ni kilio.

Maana binti yangu, siku ya kwanza kufungwa, alilia kutoka Nyali hadi Mtwapa. Mamangu alikuwa kando yake kiti cha nyuma. Nilimwona kwenye kioo, mikono yake ikienda kwenye kifungo na kurudi, ikienda na kurudi. "Mtoe kidogo nimpakate," akasema. "Ni hapa tu." Na mimi, niliyesoma vitabu vyote hivyo, nilikuwa tayari kusimamisha gari. Kwetu husemwa, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo niliisikia kwake kabla sijajua kusoma, lakini sikuthubutu kumwambia. Nilimwambia tu, "Mama, Vipingo."

Hakujibu. Tulipovuka daraja la Mtwapa nilisikia mlio mdogo, kile kifungo cha mkanda kinapoingia. Nikatazama tena kwenye kioo. Alikuwa ameufunga wake, ambao tulipotoka nyumbani nilisahau kumkumbusha. Kisha akaweka kidole kimoja ndani ya kiganja cha mjukuu wake, mtoto akakishika, na akaendelea kulia, lakini sasa kwa sauti ya chini, hadi usingizi ukamchukua karibu na Kikambala.